Kihispania cha Likizo Kwanza, Simba Baadaye

Kijana mmoja wa Moshi anayesomea kuongoza watalii ameniandikia: "Kaka, majina ya wanyama kwa Kihispania nimeyamaliza, lakini wageni wakianza kupiga stori naachwa." Mdogo wangu, simba haongelewi siku nzima! Mhispania akishakaa garini anaongelea kazi aliyoiacha na siku za mapumziko zilizobaki.

Agosti iliyopita nilipewa familia ya Zaragoza. Kabla hata ya Makuyuni nikamuuliza mama: "¿Cuántos días de vacaciones tenéis?", yaani mna siku ngapi za likizo? Akageuka, akanitazama kama mpwa wake aliyepotea. Kwao sheria inatoa siku 30 kwa mwaka, ila ni naturales, wikiendi zinahesabiwa humohumo. Siku za kazi ndizo laborables. Basi stori haikukatika mpaka geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, na mwisho wa safari tipu ilisema yenyewe.

Ofisini walinicheka sana nilipoanza, eti najifunza lugha ya kulala. Leo haohao wananipigia usiku kuuliza maneno. Nawajibu, lakini sijasahau.

Sasa sikiliza. Vacaciones, yaani likizo, huwa ya wingi: estoy de vacaciones, niko likizo. Sikukuu ni festivo kwa Mhispania. Muajentina na Mperu watakwambia feriado. Sikukuu ikiangukia Alhamisi, Mhispania anaomba na Ijumaa, anaunganisha na wikiendi: hiyo ni puente, nalo tendo ni hacer puente. Ya Desemba ndiyo tamu, maana tarehe 6 ni siku ya Katiba yao na tarehe 8 ni ya Bikira Maria. Mtu akisema "hoy libro", hasemi kitabu, anasema leo hayuko zamu. Akisema yuko de baja, usimpongeze, ni likizo ya ugonjwa.

Vijana wa siku hizi mnataka maneno kumi ya haraka mkapige picha na wageni. Kaeni chini, semeni kwa sauti hata mkiwa mnaosha gari. Maneno ya likizo kwanza, nasema tena.

Wameksiko nao wana hesabu yao. Tangu 2023 sheria inawapa siku 12 baada ya mwaka wa kwanza kazini; zamani zilikuwa 6. Kwa hiyo usimshangae anayekimbiza mbuga zote kwa siku nne. Na swali lako likiwa kwa kundi lao, tumia tienen. Tenéis waachie wa Hispania.