Re: Fataki za harusi ya usiku, mtindo gani unafaa?

Ndugu, umesema wageni watakaa mita 50 kutoka mahali pa kurushia, na unasitasita kati ya makombora ya angani (fataki zinazorushwa juu na kupasuka huko) na fataki za chini. Umbali huo umeshakuamulia. Kanuni inayotumika sana Marekani hudai takribani mita 21 kwa kila inchi ya kipenyo cha kombora, kwa hiyo hata la inchi 3 linahitaji mita 64 hivi. La inchi 2 linaingia, kwa shida.

Mimi ningechukua fataki za chini: chemchemi za cheche, vimondo vinavyopaa na mkia wa moto, na maboksi ya mirija mingi. Zipange kwa upana, vituo vitano au saba kwenye mstari mmoja, maana upana ndio unaojaza macho pale kimo kinapokosekana. Lakini ziwashwe kwa umeme kutoka kwenye kompyuta; mtu akiwasha tambi kwa mkono, vituo haviwezi kulipuka pamoja.

Ukipata uwanja mpana wa kutosha makombora na ukitaka yaende na muziki, kumbuka kombora la inchi 3 huchukua sekunde mbili hadi tatu kupanda kabla ya kupasuka. Fundi asiyelirusha mapema kiasi hicho atapitwa na wimbo.

Upepo nao: ukitulia kabisa, moshi hubaki palepale na kuficha nusu ya onyesho. Ukivuma kuelekea wageni, hamisha viti. Dakika tano nzito zinatosha. Kumi za kulegalega huchosha.