Taka za kielektroniki za majumbani: tuvunje wenyewe au tupeleke vikiwa vizima?

Swali: Kikundi chetu kinakusanya simu, redio, televisheni na friji mbovu kutoka miji midogo kadhaa iliyo jirani. Tunavunja vifaa, tunauza shaba na alumini, lakini vinavyobaki vimejaa uani na hakuna anayevitaka. Tufanyeje ili kazi hii iwe urejelezaji wa kweli? Je, tununue mashine?

Jibu: Ndugu zangu, msinunue mashine. Kwanza acheni kuvunja.

Kituo cha urejelezaji kinapopokea kifaa kizima, thamani ya waya, mota na kompresa ndiyo inayolipia gharama ya kushughulikia kioo chenye madini ya risasi, povu la friji na plastiki isiyo na soko. Nyinyi mmeuza mnofu, mifupa imebaki kwenu. Ndiyo maana hakuna anayeitaka. Na kama kuna anayechoma waya ili kupata shaba, azuiwe leo hii: ganda la waya la plastiki ya PVC likiungua hutoa dayoksini, sumu inayokaa mwilini miaka mingi, na wanaoivuta ni watoto wa jirani pia.

Kazi yenu iwe kukusanya, kutenganisha, kuhifadhi na kusafirisha. Si kazi ndogo. Mwaka 2022 dunia ilizalisha taka za kielektroniki tani milioni 62, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo hazikufika hata robo. Upungufu mkubwa uko hapo mlipo nyinyi, kati ya nyumba na kiwanda.

Betri za lithiamu ndizo zinazoninyima usingizi. Ikitobolewa, ikipindwa au ncha zake zikigusana, betri hujipasha joto yenyewe hadi ikawaka, na moto wake unaweza kuibuka tena saa kadhaa baada ya kuzimwa. Toeni ile inayochomoka kwa mkono. Iliyogundishwa ndani iacheni humohumo. Zile mlizotoa, zibeni ncha zake kwa selotepu, zipangeni kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu, mfuniko usibane, na ndoo ikae kivulini mbali na vifaa vingine. Iliyovimba iwe na chombo chake peke yake, nje ya stoo, na msiipakie kwenye gari kabla mpokeaji hajawaeleza namna ya kuifunga.

Friji ibebwe ikiwa wima na mabomba yake yasikatwe. Nyingi za zamani zina gesi ya R12, inayoharibu tabaka la ozoni na kupasha joto angahewa maelfu ya mara kuliko hewa ukaa. Mpya nyingi zina R600a, ambayo hulipuka ikikutana na cheche. Anayeng'oa kompresa kwa msumeno ameshaachia gesi yote. Televisheni za chogo nazo zisipasuliwe: kioo cha nyuma kina risasi nyingi, na bomba lake halina hewa ndani, hivyo likivunjika vipande huruka kwa nguvu. Televisheni bapa za mwanzo zina mirija myembamba ya taa yenye zebaki; zisimamisheni, msizilaze zikabebeshwa uzito.

Sasa kuhusu bodi za saketi, vile vibao vya ndani vyenye dhahabu, maana najua ndizo zinazowavutia. Tani moja ya simu zisizo na betri inaweza kuwa na dhahabu zaidi ya gramu 200, kiasi ambacho machimbo mengi hayakipati katika tani moja ya mawe. Lakini kuitoa uani kwa asidi ni kujiunguza mapafu na kumwaga sumu ardhini, huku sehemu kubwa ya madini mengine ikipotea. Viwanda vya kuyeyusha madini vinavyoitoa salama ni vichache duniani, kama kile cha kampuni ya Umicore kule Hoboken, Ubelgiji, na havishughuliki na mzigo wa gunia moja. Hapo ndipo ushirikiano wa kikanda unapohitajika: kila mji uwe na sehemu ya kupokelea, na stoo moja ya pamoja yenye paa na sakafu ya zege, mpaka mzigo utoshe kulipia safari.

Mzigo ukivuka mpaka wa nchi, sheria hubadilika. Tangu tarehe 1 Januari 2025, chini ya Mkataba wa Basel, mkataba wa kimataifa unaodhibiti usafirishaji wa taka kati ya nchi, taka zote za kielektroniki, ziwe hatari au zisiwe, zinahitaji idhini ya maandishi ya nchi inayopokea na zile zinazopitiwa kabla hazijasafirishwa. Iulizeni mamlaka yenu ya mazingira mapema, kwa sababu idhini huchukua muda.

Mwisho, simu nyingi zimefungiwa kabatini kwa sababu wenyewe wanaogopea picha zao. Msaidieni mtu kutoa laini na kadi ya kumbukumbu na kufuta data mbele ya macho yake, kisha mpeni stakabadhi. Pimeni kila kundi kwa kilo, liandikeni, na mdaini mnunuzi hati inayoonyesha kilo zilezile zilipoishia. Akikataa kuitoa, tafuteni mwingine.