Bagamoyo hadi Unguja kwa ubao wa tanga: iogope shwari kuliko kusi

Wengi wanaoulizia kuvuka bahari kwa ubao wa tanga, windisafi kama wengine wanavyouita, huanza na swali la nguvu: je, miguu itastahimili? Itastahimili. Anayeweza kuteleza pwani saa tatu mfululizo bila kupumzika ana mwili wa kutosha. Kinachomwingiza mtu matatani ni upepo kulala akiwa katikati, kwa sababu ubao hauna injini na maji ya pale hayalali. Yote yaliyo hapa chini yamepangwa kwa kuihofia shwari.

Kutoka ufukwe wa Bagamoyo hadi Mji Mkongwe ni kilomita 43 hivi kwa mstari ulionyooka, kuelekea kaskazini-mashariki karibu kamili. Kusi ikivuma kutoka kusini-mashariki inakupiga ubavu wa kulia, au nyuma kidogo ya ubavu, njia nzima. Hakuna kubisha, yaani kwenda mishazari dhidi ya upepo, hata mara moja. Kaskazi, Desemba hadi Machi, inatoka kule kule unakokwenda, na isitoshe inagongana na mkondo, kwa hiyo mawimbi yanakuwa mafupi na yamesimama wima. Kwa safari hii kaskazi iache.

Si kila mwezi wa kusi unafaa pia. Aprili na Mei ni masika: wingu moja jeusi linaleta upepo wa ghafla, likishapita linaacha shwari. Juni hadi Agosti kusi iko kileleni, na ndipo Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa maonyo ya upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2. Meli ya abiria MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012, katika msimu huo. Mtu mwenye tanga dogo anaweza kuumudu upepo ule, lakini boti ya kumfuata ndiyo inayoteseka, na boti ikiteseka huna msaada. Tunapendekeza Septemba na Oktoba, kusi ikiwa imelegea. Wazee wa pwani huuita msimu huo demani, jina hilo hilo la kamba ya kuongozea tanga. Tafuta siku ambayo utabiri unasema kilomita 26 hadi 33 kwa saa kuanzia asubuhi mpaka alasiri, na siku iliyotangulia nayo iwe hivyo. Upepo ulioanza jana una uhakika kuliko unaotarajiwa kuanza leo.

Siku hiyo iangukie maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, tarehe 8 au 22 hivi za mwezi mwandamo. Sababu ni mbili. Ya kwanza inajulikana: siku za bamvua maji hupanda na kushuka karibu mita 4, na mikondo inakuwa mikali. Ya pili wengi huisahau mpaka wafike ufukweni na vyombo vyao. Bagamoyo ni pwani ya kina kifupi sana. Siku za bamvua maji huwa yamekupwa kwenye saa 4 asubuhi, na utabeba ubao na tanga mamia ya mita juu ya tope. Siku za maji mafu, saa hiyo hiyo maji yanakaribia kujaa. Unaingia ukiwa na maji ya kiunoni, pezi la chini ya ubao haligusi mchanga, na umande, upepo wa asubuhi utokao nchi kavu, umeshaiachia kusi nafasi. Ondoka kati ya saa 4 na saa 4 na nusu. Kuondoka saa 2 kwa kisingizio cha kuwahi kunakuweka kilomita chache kutoka pwani ukingoja upepo.

Sasa mkondo. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki unakwenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi unaongeza mwendo. Kwa hesabu ya tahadhari weka kilomita 3 kwa saa. Ubao ukiteleza vizuri unakwenda kilomita 22 kwa saa, kwa hiyo safari ni saa mbili pungufu kidogo, na mkondo utakusogeza kilomita 6. Ukielekeza ubao Mji Mkongwe bila kurekebisha, utaibukia Bububu. Upepo ukipungua mpaka ubao uache kuteleza na kuanza kulima maji kwa kilomita 7 kwa saa, safari inakuwa saa sita, mkondo unakusogeza kilomita 18, na unaiona Mangapwani. Ukilala kabisa, mkondo hauna haja ya kukupeleka Unguja. Kutoka katikati unakupitisha magharibi ya Tumbatu, mbali na nchi kavu, uingie bahari ya kati ya Pemba na Tanga, ambako kina ni mamia ya mita.

Kwa hiyo elekeza kusini ya unakokwenda. Kwa mwendo wa 22, nyuzi 6 za dira zinatosha kufuta mkondo. Kwa mwendo wa 7 unahitaji 18. Kwa vile hujui utapata mwendo gani, anza safari ukiielekea Chumbe, ambayo iko nyuzi 60 hivi kutoka Bagamoyo, badala ya 46 za Mji Mkongwe. Akiba ya kusini unaweza kuitumia wakati wowote kwa kulegeza tu. Ukishapelekwa kaskazini, kurudi ni kubisha dhidi ya upepo na mkondo kwa pamoja.

Hapo ndipo watu hukosea juu ya mahali pa kugeuka. Wanasema, "Nikifika nusu nikaona vibaya, narudi." Nusu ya umbali si nusu ya kazi. Ukigeuza kuelekea Bagamoyo upepo unakuwa mbele ya bega la kushoto na mkondo unakuvuta mbali na njia. Kilomita 20 za kurudi ni nzito kuliko 20 za kuendelea. Nukta ya kurudi iwe kilomita 12. Fika hapo kabla ya saa 5 na nusu, tazama upepo, amua. Kama mpaka hapo ubao haujateleza dakika 20 mfululizo, rudi. Ukishapita kilomita 12, mpango ni kusonga mbele au kupanda boti. Na yeyote ambaye hajakiona kisiwa cha Bawe au cha Chumbe wazi ifikapo saa 8 mchana anapanda boti, hata kama tanga limejaa.

Kuhusu chombo, chagua ubao mkubwa kuliko unaoupenda. Ujazo wake kwa lita uzidi uzito wako kwa kilo kwa 60 au 70: mtu wa kilo 75 achukue lita 135 hadi 145. Ubao mwembamba wa kasi utakufurahisha upepo ukiwepo, na upepo ukikata utazama chini ya miguu yako, huwezi hata kusimama uinue tanga. Kwa mtu huyo na upepo huo, tanga la mita za mraba 6.5 hadi 7. Pezi liwe la kuinama kuelekea nyuma, kwa sababu majani ya baharini huelea kwa mafungu na pezi lililosimama wima linayabeba yote; utahisi ubao umekuwa mzito ghafla kana kwamba mtu ameshika mkia. Kwa vile utaegemea upande mmoja saa mbili nzima, kamba za hanesi, ule mkanda wa mwilini wenye ndoano ya kukushikiza kwenye tanga, za upande huo ziwe mpya. Zile za zamani hukatika pale pale ndoano inapokaa.

Kifaa kinachostahili muda wako kuliko vyote ni kidogo kama kidole gumba: kiungo cha mpira kati ya mlingoti na ubao. Kikikatika huna chombo. Jioni kabla ya safari kifungue, kipinde mpaka mwisho kila upande kwenye mwanga, halafu pitisha kucha pale mpira unapoingia kwenye chuma. Ufa huanzia hapo, mwembamba kama unywele, na hauonekani mpira ukiwa umenyooka. Ukiona ufa, au mpira umekuwa mgumu na kung'aa kwa jua, tupa. Usiseme utamalizia safari hii. Hakikisha kuna ukanda wa usalama kando ya mpira, ule unaoshika pande mbili mpira ukikatika. Bila ukanda, tanga linabaki majini na ubao mtupu unapeperuka kwa kasi ambayo hakuna mwogeleaji anayeifikia. Ndiyo sheria: kitu kikivunjika, uogelee kwenye ubao kwanza, tanga baadaye. Ukiwa na mita 4 za kamba ya milimita 5 kiunoni unaweza kufunga mguu wa mlingoti kwenye kitako chake kwa mizunguko mitatu ya kukaza na ukasogea polepole. Kiungo cha akiba, pezi la akiba, bisibisi na bumu nzima ya pili, ule mshikio unaozunguka tanga, vikae kwenye boti.

Mwilini vaa jaketi la kuelea la nyutoni 50 linalokubali hanesi. Yale ya rangi ya chungwa ya abiria yanakubana kifua na hayakuachi uinuke na tanga kutoka majini. Maji ya Septemba ni nyuzi joto 25 au 26, yanaonekana ya uvuguvugu, lakini ukikaa ndani saa tatu na upepo mgongoni utatetemeka. Vazi fupi la mpira la milimita 2 linatosha. Maji ya kunywa lita 3, tende kiganja kimoja, pakiti mbili za chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini. Kunywa kila dakika 20, usingoje kiu. Wengi hukakamaa misuli ya mikono kilomita ya 30 kwa sababu hiyo tu.

Boti. Bila boti usivuke, na bila mwenzako wa ubao wa pili ni afadhali usivuke. Iwe na injini mbili, na nahodha awe amepita njia hiyo msimu huo. Injini ya nguvu farasi 40 ya mipigo miwili ikifunguliwa yote hula lita 15 hadi 20 hivi kwa saa. Gawa petroli kwa tatu: ya kwenda, ya kurudi, na ya kukutafuta. Hiyo ya tatu ndiyo wenye boti hupenda kupunguza, kwa hiyo hesabu madumu mwenyewe kabla hayajapakiwa. Boti ikae mita 200 hadi 300 upande wa chini ya upepo, kwa sababu ukianguka unaelea kuelekea huko. Inapokuja kukuchukua, omo, yaani mbele ya boti, itazame upepo, injini iwe huru, warushe kamba. Kurudisha boti nyuma kwa injini karibu na mtu aliye majini ni marufuku, na hilo lisemwe ufukweni kwa sauti, kila mtu akisikia.

Upepo ukikata, kaa juu ya ubao na uache tanga majini. Lakini usijidanganye: tanga lililolala majini linapunguza kupeperushwa na upepo, halizuii mkondo hata kidogo. Kila dakika 20 ni kilomita moja kaskazini. Kwa hiyo dakika 20 ndiyo kikomo cha kungoja. Zikiisha, nyoosha mikono yote miwili pembeni uipandishe na kuishusha taratibu, boti ije. Ikiwa boti haikuoni, redio ya mkononi ya VHF isiyoingia maji, chaneli 16. Simu kwenye mfuko usiopitisha maji ni nyongeza tu, mtandao wa katikati haubebi ahadi. Na kuna mtu wa nchi kavu: aachiwe karatasi yenye rangi ya tanga, jina la boti, namba ya nahodha, saa ya kuondoka, na saa 9 alasiri kama mwisho. Saa 9 ikifika bila simu anapiga 112 na kuwaarifu KMKM, kikosi cha kuzuia magendo cha Zanzibar, upande wa Unguja. Hangoji dakika kumi za heshima. Mamlaka za bandari pande zote mbili ziwe zimeambiwa kabla, na kila mtu awe na kitambulisho au pasipoti mfukoni.

Ukiwa njiani hutaiona Unguja mwanzoni. Kisiwa ni kifupi. Macho yako yakiwa mita 2 juu ya maji, kitu cha urefu wa mita 30 kinaibuka kilomita 25 hivi mbele. Kilomita 18 za kwanza ni dira na GPS ya mkononi tu, usihangaike kutafuta nchi. Tazama badala yake madumu yanayoelea: ni maboya ya nyavu, na pezi likinasa kwenye uzi wa jarife kwa mwendo wa 22 wewe unaendelea na ubao unabaki.

Kilomita 5 za mwisho ndizo zenye hila. Kisiwa kinakata kusi, upepo unakuja kwa vipande, na hapo hapo kuna mafungu na miamba ya Pange na Nyange, na boti za kasi za Dar es Salaam ambazo hazitakuona kati ya mawimbi. Pita njia ya boti kwa pembe mraba, haraka, nyote wawili pamoja. Maji ya kahawia au ya kijani hafifu yaogope, ya buluu yafuate.

Kurudi, funga tanga, gawa mlingoti vipande viwili, upande meli.