Msiwanyang'anye bibi lugha zao

Wadogo zangu mnaoanza ziara za nyumbani kwa watoto waliochelewa kusema, juzi nimemsikia mmoja wenu akimwambia mama, "Lugha mbili zinamchanganya mtoto, chagueni moja." Usingizi uliniruka.

1. Masikio kwanza. Anayetokwa usaha sikioni mara kwa mara apimwe usikivu kabla hujatoa kadi za picha.

2. Kilugha cha nyumbani hakichelewesh​i usemi. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipewa mtoto wa miaka 2 na miezi 3, akishinda na bibi yake aliyetoka Bukoba. Kwenye fomu nikaandika: maneno 6. Nilihesabu ya Kiswahili tu. Alipoionyesha ndoo na kusema "amaizi", nikadhani anabwabwaja, kumbe anaomba maji. Nikamwagiza bibi aache Kihaya. Akaitikia, "Sawa, daktari."

Nikarudi baada ya wiki 6. Bibi yuko mkekani anachambua maharage, mjukuu kando yake, nyumba kimya. Kiswahili cha yule bibi kilikuwa cha sokoni: njoo, kula, acha. Hadithi, vitendawili na maneno ya kubembeleza vyote alikuwa navyo kwa Kihaya, na mimi ndiye niliyemfunga mdomo. Mtoto akamvuta khanga, akaonyesha ndoo bila kusema kitu. Bibi akamchotea maji, naye hakusema kitu. Nilipomsihi aongee naye kama zamani, akaniuliza, "Si ulisema namharibu?" Sikulitamka neno hilo, lakini ndilo alilobaki nalo wiki zote 6. Nikamwomba radhi, nikakaa naye mpaka adhuhuri akinitajia maneno ya mjukuu wake moja moja. Yalifika 31. Wapya, hesabuni lugha zote, jamani!

3. Kukata kimio hakuleti maneno. Kunaleta damu na maambukizi. Semeni hivyo kwa adabu, lakini semeni.

4. Ukishauliza, hesabu kimoyomoyo mpaka 10. Mnawajibia watoto kabla hawajafumbua mdomo!

5. Akisema "gari", mrudishie "gari kubwa", bila kumlazimisha akariri. Na mikoba ya midoli iacheni ofisini, kwa sababu mkiondoka nayo mchezo umekwisha. Sufuria na mwiko vinabaki. Yule mtoto alianza kuunganisha maneno mawili kwenye ungo wa maharage. "Bibi, mwagika," alisema, yakiwa yameshatapakaa mkeka mzima, na bibi akaangua kicheko, akamjibu kwa Kihaya maneno mengi ambayo sikuyaelewa hata moja.