Kofia imefika wapi

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ile sauti uliyonitumia usiku wa Jumatano nimeisikiliza mara tatu. Nilitaka kukujibu vivyo hivyo kwa simu, nikasema "mwanangu", nikafuta. Nikamwomba mamako daftari. Jambo hili nikilisema kwa mdomo nitalipita mbio, nami sitaki.

Umesema daktari amekukataza kuinua mgonjwa maisha yako yote, kwamba pingili mbili za mgongo zimeharibika, na kwamba wodini hapana kazi ya muuguzi asiyeinua. Kisha ukauliza: "Baba, wewe ulifanyaje? Kofia zilikurudishia ulichopoteza, au ulizoea tu kunyamaza?"

Hazikunirudishia. Nakuanzia hapo kwa sababu najua wageni washaanza kukaa kando ya kitanda chako na kukwambia huenda lina heri. Heri ipo, naamini hivyo kwa moyo wangu wote. Lakini mimi niliambiwa neno hilo siku ya tatu, bandeji bado inalowa damu, na aliyeniambia nilimchukia mwaka mzima. Kwa hiyo mimi sikwambii.

Niliendesha lori miaka 19. Mtoto wa Lamu, mji ambao punda wawili wakikutana kichochoroni mmoja hurudi nyuma, nilikwenda Mombasa kubeba mizigo, nikawa utingo, nikapewa usukani. Kilindini hadi Malaba, kisha Kampala, zaidi ya kilomita 1,100, na mara nyingine hadi Kigali. Niliijua mizani ya Mariakani, na baridi ya Timboroa inayoingia hata ukiwa umefunga madirisha, na mteremko wa Salgaa uliowamaliza wenzangu kadhaa kwa sababu ya kuteremka wameondoa gia ili kubana mafuta. Mimi sikuwahi kuondoa gia pale. Nilikuwa dereva mzuri, mwanangu. Nataka ulijue hilo, maana ninyi watoto mlimjua baba anayerudi na mkungu wa ndizi za Uganda, hamkumjua kazini.

Mwaka 2011, alfajiri, karibu na Mtito Andei, tairi la tela lilipasuka. Niliweka jeki juu ya udongo bila kutia ubao chini yake. Ubao ulikuwepo, nyuma ya kiti. Niliona uvivu kuufuata. Jeki ikazama upande, ekseli ikashuka juu ya kifundo cha mguu wangu wa kushoto. Mguu wa klachi. Nilipasuliwa mara mbili. Mfupa uliunga, lakini kifundo hakikunjiki hadi leo, na lori kwenye foleni ya Changamwe linataka klachi mpaka goti liwake moto.

Tajiri wangu alinilipa miezi miwili, kisha akaniletea karatasi nitie sahihi. Nikatia bila kusoma. Hapa nasimama kidogo, kwa sababu ni la faida kwako: wewe usitie sahihi karatasi yoyote kwa haraka. Ipo sheria ya fidia za majeraha ya kazini ya mwaka 2007, na wewe uliumia ukiwa zamuni, umemwinua mgonjwa wao. Hakikisha mwajiri ameiandika ajali yako, wala usiache miezi 12 ikapita. Mimi haki hiyo nilikuwa nayo, nikaitupa kwa hasira na kiburi. Moyo una muda wake, lakini karatasi zina siku zake.

Tukarudi Lamu, nyumbani kwa bibi yako Langoni, maana kodi ya Mombasa ilitushinda. Wewe ndiyo kwanza ulikuwa umeingia chuo cha uuguzi. Mamako aliuza bangili zake ili usikatishwe masomo. Najua alikuficha, leo nakwambia mimi. Nami nilikuwa nimelala, nimegeukia ukuta. Miezi minane. Nilifikia kupiga kelele nyumba nzima kwa sababu ya chumvi kwenye mchuzi. Sitarefusha hapo. Mamako yupo, akitaka atakusimulia.

Lakini kuna kitu nilikiona nikiwa pale ukutani, na jibu lako limo humo. Dereva wa safari ndefu maisha yake yote huulizwa swali moja. Tajiri anapiga simu: umefika wapi? Mwenye mzigo Kampala: umefika wapi? Mamako usiku: umefika wapi? Wewe ulipokuwa mdogo ulimnyang'anya simu ili uulize wewe. Swali lile lilinichosha, wakati mwingine nilizima simu nipate kupumua. Nilipoumia, likakatika. Siku moja, tangu asubuhi hadi Isha, simu haikulia, na nikatambua kwamba popote pale, toka Kilindini hadi Kigali, hapakuwa na mtu anayehesabu saa mpaka mimi nitokee. Siku hiyo nililia. Kabla yake nilidhani ninachokililia ni lori.

Sasa kofia. Mpwa wangu, wakati huo ana miaka 17, alikuwa akishona kofia za vito, zile nyeupe za vitobo zinazoshonwa kwa mkono, pale barazani kwetu. Mwezi mmoja kabla ya Maulidi kazi zikamzidi. Wewe unayajua Maulidi yetu: watu wanakuja msikiti wa Riyadha kutoka pwani nzima, na kila aliyeagiza kofia anataka aivae siku zile. Akaja akasimama mlangoni. Hakunionea huruma hata kidogo. "Mjomba, mikono yako mizima. Nisaidie kupiga mistari."

Cherehani ya miguu nisingeiweza. Kofia inataka mikono na macho tu. Kitambaa ni cheupe, cha pamba, kimewekwa tabaka mbili na kuchorwa kwa penseli. Kipande cha juu peke yake, na ule utepe wa kuzunguka kichwa peke yake. Kwanza unapita mistari kwa mshono mdogo mdogo. Halafu unatoboa vitobo, kimoja kimoja, na kila kitobo unakizungushia uzi mpaka kingo zake zikaze na kibaki wazi. Vitobo hivyo ndivyo vinavyoingiza upepo kichwani, na ndivyo vinavyotoa maua. Mwisho vipande vinaunganishwa, kofia inafuliwa, maana kwa muda ule wote imenywa jasho la mikono, inatiwa wanga, inakaushwa ikiwa imesimama. Kofia moja nzuri hula miezi miwili, mitatu.

Vidole vyangu vilikuwa vimekakamaa kwa usukani. Sindano ilipotea katikati yake kama punje ya mchele iliyoangukia jamvi. Na macho je! Miaka 19 yalifunzwa kutazama lori lililo kilomita moja mbele. Kutazama kitu kilicho shubiri moja kutoka puani yalikuwa hayajui. Kichwa kiliniuma wiki mbili, mpaka mamako akaninunulia miwani.

Mistari ilipomalizika nikataka kujaribu vitobo. Cha kwanza kilitoka kama jicho lililovimba. Kijana akakitazama, akasema, "Fumua, mjomba." Nikafumua. Cha pili, fumua. Siku ya tano nilikuwa na vitobo 60 vimejipanga, najisifu moyoni. Akakinyanyua kile kitambaa akakielekeza juani, akanionyesha: mkono wangu ulikuwa ukivuta zaidi upande mmoja, ua zima limeinama. "Fumua vyote." Mwanangu, mimi nilifundisha utingo saba, na wote niliwafokea hadi wakatetemeka, nilidhani ndivyo kazi inavyofundishwa. Mtoto huyu hakunifokea hata mara moja. Alilisema neno fumua kama mtu anayekwambia karibu chai. Usiku ule nilifumua vitobo 60 kwa ncha ya sindano, uzi mmoja mmoja, na nilipoinua kichwa ilikuwa saa saba, na mguu sikuwa nimeukumbuka tangu Isha.

Siku kumi hivi kabla ya Maulidi akaja mzee mmoja wa Faza. Alipanda boti asubuhi kwa ajili hiyo tu. Kijana hakuwapo. Mzee akaiona kofia mkononi mwangu, akaketi barazani, akapangusa jasho, akauliza:

"Kofia yangu imefika wapi?"

Sindano ilisimama. Nikamjibu, "Imefika nusu, mzee. Jumatatu utepe utakuwa umekwisha."

"Haya, naingoja," akasema, akainuka akaenda zake.

Hakujua alichonifanyia. Niliingia ndani nikamwita mamako, alipokuja nikashindwa kumweleza. Alinikuta nimesimama tu, kofia nimeishika kwa mikono miwili.

Hicho ndicho nilichopewa. Lori halikurudi, na barabara siioni hata ndotoni kama zamani. Lakini yupo mtu anayeulizia kazi yangu imefika wapi, na nina la kumjibu. Miezi mingi baadaye nilimaliza kofia yangu mwenyewe, toka mstari wa kwanza hadi wanga, nikaiuza shilingi 1,500, bei ya mwanafunzi. Ile saa yako ya kubandika kifuani, ya kuhesabia mapigo ya wagonjwa, uliyoletewa mwaka wa mwisho wa chuo ukaambiwa imetoka kwa mjomba wako: ni kofia ile.

Siku hizi kofia za mashine zimejaa madukani, bei rahisi. Sizilaumu, mtoto wa maskini naye avae siku ya Idi. Ila ukiinua moja ukaielekeza juani utaona vitobo vyake vimezibwa na uzi, upepo haupiti. Mpwa wangu sasa ana wanafunzi wanne na wote anawaonyesha hivyo hivyo, juani.

Umeniuliza kama nilizoea kunyamaza. Kwa baadhi ya mambo, ndiyo. Mei 2021, bandari mpya kule upande wa bara ilipopokea meli ya kwanza, vijana walirudi na habari za malori. Sikumwambia mtu. Nilipanda boti hadi Mokowe, nikakaa kivulini kwa muuza madafu, nikangoja. Likapita moja limebeba vyuma. Dereva aliichelewesha gia, injini ikalalamika, na mimi nikakanyaga klachi pale pale kwenye mchanga, kwa mguu usiokunjika. Miaka kumi imepita! Siku hiyo kuliniuma tangu adhuhuri hadi nikalala. Asubuhi nikaendelea na kofia, kwa kuwa ilikuwa imeahidiwa mtu wa Siyu.

Kwa hiyo sikwambii ushone. Nakuomba utazame vizuri ni nini hasa kilichokatika. Mimi nilidhani ni lori. Wewe unasema ni wodi, na huenda ndivyo. Lakini uliwahi kunisimulia habari za zamu ya usiku, taa zimepunguzwa, mgonjwa anaita tu, "Sista, upo?" nawe unajibu, "Nipo," naye analala, hataki dawa wala maji. Ulilisimulia kama jambo dogo, ukimenya machungwa. Mimi niliuona uso wako. Ikiwa ni hilo, halikai mgongoni. Linaweza kuwa kliniki ya wajawazito, au chumba cha chanjo, au mbele ya wanafunzi wa uuguzi wanaohitaji mtu wa kuwaambia fumua bila kuwafokea. Na ikiwa mikono itataka kazi wakati moyo bado unatafuta, ipe kazi ndogo yoyote ambayo kuna mtu anaingojea. Hilo la mtu kuingojea usiliache. Baada ya Maulidi yale, oda zilipopungua, nilijaribu kushona kwa kupitisha saa tu, na ndani ya wiki moja nilikuwa nimerudi ukutani.

Sasa hivi ninayo mkononi kofia ya mwanao. Utepe umekwisha, kipande cha juu kimebaki robo. Ijumaa aliniuliza imefika wapi, nikamwambia aje aione mwenyewe. Njoo naye likizo ya mwezi wa nane. Pandeni basi la asubuhi, kaa viti vya katikati, usikubali vya nyuma, weka mto kiunoni. Mkifika Garsen shuka utembee kidogo hata kama dereva atanuna. Tunanuna, lakini tunangoja. Mokowe atawapokea mpwa wangu na boti iliyo na ngazi, usijaribu kuruka. Niletee uzi mweupe wa pamba, vibunda vitatu, usikubali kuuziwa wa nailoni, unateleza na fundo halikai.

Na siku hiyo usizime simu. Nitakuwa napiga kuuliza mmefika wapi.

Babako