Muulize Fundi: Mjomba na Shemeji, Nani Mkweli?

SWALI: Shikamoo Fundi. Nyumbani kwetu kuna ubishi usiokwisha. Mjomba anasema magari ya Marekani ya zamani yalikuwa chuma kitupu, na haya ya Kijapani ni mabati ya kopo. Shemeji anamcheka, anasema Mjapani hajawahi kutengeneza gari bovu na Mmarekani hajawahi kutengeneza zima. Mimi natafuta gari langu la kwanza, nao kila mmoja ananivutia kwake. Tuamulie.
*Mpwa aliyechoka kusikiliza*

JIBU: Marahaba, Mpwa. Wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja ameganda kwenye muongo wake na hataki kusogea. Nianze na mjomba, kwa kuwa ndiye mkubwa.

Mwaka 1958 Toyota ilianza kuuza Marekani gari lake la Toyopet Crown. Kwa barabara za Japani za wakati ule lilikuwa gari la maana, zito na gumu. Kwenye barabara kuu za California likawa aibu: injini haina pumzi, mwendo ukipanda gari linatetemeka, mlima ukirefuka linachemsha. Haikuchukua muda Toyota ikaliondoa sokoni. Miaka hiyohiyo Wamarekani walikuwa na injini ndogo ya V8, yaani ya silinda nane, ya Chevrolet iliyotoka 1955, na silinda sita ya Chrysler iliyoinamishwa upande, ile Slant Six, iliyoanza na magari ya 1960. Hizo zilivumilia mateso ambayo simwombei hata adui. Ukifungua boneti unaona kila kitu, na mkono unaingia pamoja na spana.

Lakini mjomba asifiche nusu ya habari. Magari yale yalidumu kwa sababu yalihudumiwa kila mara: leo plagi, kesho pointi za distribyuta, keshokutwa kabureta. Na aikumbuke ile mita ya kuhesabu maili pale kwenye dashibodi. Ilikuwa na tarakimu tano tu. Gari likimaliza maili 99,999, kama kilometa 160,000 hivi, linarudi sifuri. Kwangu mimi hiyo inaonyesha waliotengeneza walitegemea gari lifike wapi. Siku hizi gari lililotunzwa vizuri, kwa umbali huo, bado lina kazi nyingi mbele yake.

Sasa tuje kwa shemeji, ambaye kipindi chake kinaanza miaka ya 1970. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilipoikatia Marekani mafuta, watu walikimbilia magari madogo, na Marekani ilikuwa na madogo yake. Chevrolet Vega ilitoka na bloku la alumini lisilo na mirija ya chuma ya kukinga kuta za silinda, na juu yake ikafungwa hedi ya chuma. Ikichemsha mara chache tu, silinda zinakwaruzika, gasketi inaungua, injini inaanza kula oili. Baadaye, kwenye magari ya 1978, GM, kampuni mama ya Chevrolet na Oldsmobile, ikaleta dizeli ya V8 ya Oldsmobile. Dizeli inabana hewa kwa nguvu kuliko petroli, lakini mpangilio wa bolti za hedi uliachwa uleule wa injini ya petroli, na hakukuwekwa chombo cha kutenganisha maji na mafuta. Bolti zilivutika au kukatika, maji ya rejeta yakaingia kwenye silinda, na maji hayabanwi: kinachopinda ni konrodi. Wamarekani wengi waliapa kutogusa tena gari la dizeli.

Usidhani Mjapani wakati huo alikuwa malaika. Bodi zake ziliisha kwa kutu katika majimbo yanayomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji. Honda ililazimika kubadilisha madigadi ya mbele ya magari yake ya miaka ya 1970. Injini inaunguruma vizuri tu, huku bodi inamwagika.

Kwa nini basi Mjapani alipita mbele? Hapa niwieni radhi nikae kidogo, maana giaboksi ndiyo kazi yangu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Ford ilikuwa na giaboksi moja ya otomatiki iliyotengenezwa sehemu mbili: katika kiwanda chake cha Batavia, Ohio, na kwa Mazda huko Japani, kampuni ambayo Ford ilinunua robo ya hisa zake mwaka 1979. Michoro ni ileile. Zile za Mazda zikawa tulivu zaidi, zinabadili gia kwa ulaini, na malalamiko yake ya waranti yakawa machache. Ford wakazifungua na kuzipima. Vipande vya Batavia vilikuwa halali kabisa, vyote ndani ya kiwango kilichoruhusiwa, ila kimoja kiko ukingoni juu, kingine ukingoni chini. Vya Mazda vilikuwa vimerundikana katikati.

Anayefungua giaboksi anajua maana yake. Shafti iliyonenepa kidogo ikikutana na tundu lililobana kidogo, hapo pana joto. Shafti nyembamba ikikutana na tundu pana, presha ya oili inapotea, klachi za ndani zinateleza, na kinachoteleza kitaungua. Kila kipande kimepita ukaguzi, na giaboksi bado ni mbovu. Huwezi kumfukuza mtu kazi kwa kosa hilo, kwa sababu halina mwenyewe.

Somo hilo la kupunguza tofauti Wajapani walifundishwa na Mmarekani, mtaalamu wa takwimu W. Edwards Deming, aliyewahutubia wahandisi wao mwaka 1950. Mwaka uliofuata wakaanzisha tuzo yenye jina lake. Kwao Marekani, wakubwa wa viwanda vya magari vya Detroit hawakumtaka. Ford ilimwita 1981, maji yakiwa shingoni.

Na kama shemeji anadhani ni damu ya Kijapani, mpeleke Fremont, California. GM ilikifunga kiwanda chake cha huko mwaka 1982. Karibu mfanyakazi mmoja kati ya watano hakuwa akitokea kazini, na gari lenye kasoro lilisukumwa mbele ili lirekebishwe baadaye, kwa kuwa kusimamisha mstari ilikuwa dhambi kubwa kuliko zote. Mwaka 1984 GM na Toyota wakakifungua pamoja kwa jina la NUMMI. Waliajiriwa wengi wa wafanyakazi walewale na chama chao kilekile, baadhi wakapelekwa Japani kujifunza. Kando ya mstari ikafungwa kamba: ukiona bolti haijakaa, unaivuta, kiongozi wa timu anakuja, na tatizo lisipokwisha mstari unasimama. Ubora ukakaribia ule wa Japani, kwa mikono ya watu waliokuwa wakiitwa wavivu.

Kiwanda hicho kilitoa Corolla na pacha wake mwenye nembo ya GM, kwanza Chevrolet Nova, baadaye Geo Prizm. Mkononi, Prizm iliuzwa bei ya chini kuliko Corolla. Mwenye akili alinunua Prizm, akacheka kimoyomoyo.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Je, kwa magari ya leo Mjapani bado anaongoza?
*Dereva wa usiku*

JIBU: Salama. Kwa wastani, ndiyo. Kwenye orodha za Consumer Reports, jarida la Marekani linalopima bidhaa, za miaka ya karibuni Toyota, Lexus na Subaru wamekuwa juu. Lakini kwa J.D. Power, kampuni inayowahoji wenye magari, Buick wa Marekani amekaa jirani kabisa na Lexus. Kumbuka tu kwamba kwenye tafiti hizo skrini inayokataa kuungana na simu nayo huhesabiwa kasoro. Mimi skrini hainitishi.

Kinachonitisha ni vitu vizito, na huko hakuna mtakatifu. Toyota ilinunua tena kwa wateja baadhi ya pikapu za Tacoma za 1995 hadi 2000, kwa mara moja na nusu ya thamani yake, kwa sababu chesisi zilioza. Mwaka 2004 Honda iliita zaidi ya magari milioni moja yarudi kurekebishwa kwa ajili ya giaboksi za otomatiki. Mwaka 2024 Toyota ikaita pikapu za Tundra na magari ya Lexus LX yapatayo 100,000, kisa vipande vya chuma vilivyobaki ndani ya injini kiwandani. Upande wa Marekani, Ford Focus na Fiesta zenye giaboksi ya PowerShift zimewatesa watu, na mimi siyagusi magari hayo hata kwa bei ya kutupa. Tukirudi kwa Mjapani, Nissan nazo zina malalamiko ya miaka mingi juu ya CVT zake, yaani giaboksi za otomatiki zisizo na gia za hatua.

Kwa hiyo ukinitajia nembo peke yake hujaniambia kitu. Niambie injini gani, giaboksi gani, mwaka gani. Ukienda kukagua gari la mkononi lenye CVT, usiliendeshe likiwa baridi, kwani baridi huficha mengi. Subiri lipate moto, kisha ondoka polepole, halafu ukanyage mafuta kupanda mlima. Likitetemeka wakati wa kuondoka, au injini ikipiga kelele huku mwendo hauongezeki, mrudishie mwenyewe funguo zake.