Joto Likianza, Gusa Udongo Kabla ya Kufungua Bomba

Kuanzia Oktoba, kipupwe kikishapita na Dar es Salaam ikirudi kwenye nyuzi 31 na 32, mipira ya maji huanza kumiminika mtaani asubuhi na jioni. Watu wanauonea huruma ukoka wao. Naielewa huruma hiyo, lakini kwa miaka niliyotunza bustani hapa Pwani, ukoka nilioitwa kuuokoa mara nyingi ulikuwa umezidishiwa maji, wala haukuwa na kiu.

Kinachowachanganya watu ni kwamba dalili zinafanana. Ukoka wenye kiu hupauka na kunyong'onyea, na uliozidiwa na maji nao hugeuka njano na kunyong'onyea vilevile. Mtu akiiona ile njano anaongeza maji. Mizizi inahitaji hewa, na hewa hiyo hukaa kwenye vinafasi vidogo katikati ya chembe za udongo. Maji yakivijaza vinafasi hivyo siku zote, mizizi inakosa pumzi na kuoza, na mzizi uliooza hauwezi kunywa hata ukiwa umelala ndani ya maji. Ndiyo maana unakuta jani limekauka juu, na chini pameloa chepechepe.

Mama mmoja wa Tegeta aliwahi kuniita nimwangalizie bustani yake. "Mwanangu, yanakufa na kutwa mara mbili yanamwagiliwa," akaniambia. Nilikata kipande cha upana wa kiganja kwa kisu, nikakinyanyua. Mizizi ilikuwa na urefu wa pingili moja ya kidole, imekuwa ya kahawia, na ukiuvuta mmoja ngozi inachubuka unabaki uzi mwembamba mkononi. Udongo ulinuka uozo. Pembeni ndago ilikuwa imestawi, kijani kibichi, na ndago ikitamalaki namna ile kwenye ukoka, mara nyingi pale hapakauki. Nikamwambia, "Mama, bomba tulifunge kwanza." Hakupenda hata kidogo, ila alikubali, na baada ya wiki kadhaa machipukizi mapya yalianza kutoka.

Kwa hiyo kabla hujaushika mpira, chukua bisibisi ndefu uichomeke ardhini. Ikizama kirahisi sentimita 10 hadi 15 na kutoka na udongo ulioganda mbichi, siku hiyo acha. Kigamboni na kwingine kwenye kichanga bisibisi huzama hata pakavu, hivyo chimba kidogo kwa mkono: mchanga ukiufinya ukashikana, maji bado yapo. Pita pia juu ya ukoka asubuhi. Nyayo zako zikibaki zimelala bila majani kuinuka, hapo kweli una kiu. Usiupime saa nane mchana, maana jua la kaskazi hunyong'onyesha hata ukoka wenye afya, na jioni unainuka wenyewe.

Kipimo kinachonisaidia ni milimita 25 za maji kwa wiki, pamoja na mvua. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo bustani ya mita 10 kwa 10 inataka lita 2,500 kwa wiki, yaani uniti mbili na nusu kwenye mita yako. Pima mpira wako: ukijaza ndoo ya lita 20 kwa dakika moja, bustani hiyo inahitaji kama saa mbili kwa wiki nzima. Zigawe mara mbili, kwenye mchanga mara tatu. Maji mengi kwa siku chache hushuka chini na mizizi huyafuata. Ya kunyunyiza kila siku huiweka mizizi juu juu, na jua kali likija hiyo ndiyo inayoungua kwanza. Vuli ikinyesha, acha kopo lenye kuta zilizonyooka uwanjani na upime kwa rula. Likikusanya milimita 25, wiki hiyo bomba lipumzike.

Kwenye udongo mzito wa mfinyanzi maji hutuama upesi. Yakianza kutuama, funga, ngoja nusu saa yazame, kisha endelea. Chini ya mwembe au popote penye kivuli punguza, kwa sababu pale panakauka polepole.

Mwagilia alfajiri, saa kumi na moja hadi saa mbili asubuhi. Jioni siishauri kwa Pwani: unyevu wa hewa yetu ni mkubwa, jani linalala limelowa usiku kucha, na kuvu hupata nafasi ya kuacha mabaka ya kahawia. Fundi wa kufyeka naye asikwangue hadi chini. Akate theluthi moja tu ya urefu, kwa kuwa jani refu kidogo huufunika udongo na kupunguza ukaukaji.

Ukoka uliopandwa juzi una utaratibu wake. Huo hauna mizizi bado, hivyo upe maji kidogo kila siku kwa wiki mbili au tatu. Kisha uvute taratibu. Ukigoma kung'oka, umeshashika, na hapo anza kuruka siku moja, halafu mbili, hadi ufikie ratiba ya ukoka mkubwa.